Shuka Lililobaki Chumbani

Shuka lilikuwa limekunjwa na kukunjwa tena mpaka likawa dogo kama mto wa kulalia mtoto, na Mama Dobi alilipakata mapajani kana kwamba lingelia akiliweka chini. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ghorofa ya juu, mahali ambapo sakafu iling'aa hadi mtu akaona haya kuikanyaga. Pembeni yake Mama Duka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amevua viatu na kuvisukuma chini ya benchi.

"Vaa viatu, shoga," Mama Dobi akamnong'oneza. "Hapa si uani kwako."

"Vinanibana. Nimeazima kwa wifi yangu, na wifi yangu ana mguu kama wa njiwa."

"Sasa akitoka mtu?"

"Akitoka aone vidole vyangu, ajue tumetoka mbali."

Mbele yao kulikuwa na milango miwili inayotazamana. Nyuma ya mlango wa kushoto walikaa wawakilishi wa mtaa wao, na nyuma ya mlango wa kulia walikaa watu wa kiwanda. Katikati alipita msuluhishi, mama wa makamo mwenye sauti laini na viatu visivyolia, akitoka huku na kuingia kule, akibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Hakimu ndiye aliyewatuma huko. Aliwaambia kesi ya namna hii itawazeesha wote, basi wakakae kwanza nje ya mahakama wazungumze kama majirani. Wakishindwana, warudi.

Majirani wenyewe walikuwa hivi: kiwanda kilikuwa juu, kikitia rangi vitambaa, mtaa ulikuwa chini, ukichota maji visimani. Kijito kilipita kwa kiwanda kwanza. Siku kiwanda kilipotia nyekundu, kijito kilishuka chekundu, na siku mbili tatu baadaye visima navyo vikabadilika, si sana, kiasi cha macho ya dobi kuona. Watoto walijikuna. Mjukuu wa Mama Duka alikuwa na upele usiosikia dawa. Na huko juu, kwenye ukuta wa kiwanda, walikuwa wamechora jani kubwa la kijani na maneno ya kusema kwamba wao na mazingira ni marafiki wa chanda na pete.

Mlango wa kushoto ukafunguka, akatoka mume wa Mama Dobi. Alikuwa seremala, lakini mtaani hakuna aliyemwita fundi; walimwita Msumari, kwa sababu akishagongomewa kwenye jambo humng'oi ila uvunje ubao. Ndiyo maana walimchagua awe msemaji wao.

"Lete shuka," akasema.

"Niingie nalo mwenyewe niwaeleze?"

"Wanaingia wawakilishi tu, mama watoto. Nitawaeleza mimi. Si nimekuona ukilichovya siku zote?"

Lilikuwa shuka lake mwenyewe, jeupe, zito, lenye pindo la kufumwa kwa mkono. Mama yake mzazi alimpa siku alipoolewa, na hakuwahi kulitandika ila alipojifungua. Mashuka ya wateja asingeweza kuyafanyia majaribio, basi akatoa hilo. Kila maji yalipobadilika alifunga fundo kwa uzi, akachovya kipande kimoja tu kwenye maji ya kisima, akakianika, kisha akahamia kipande kingine. Mwishowe shuka zima lilikuwa mistari: wekundu uliofifia kama kidonda kinachopona, umanjano, ukijani wa maji ya kuoza, samawati. Wateja walikuwa wakija uani kuliangalia likining'inia. Watu wa mtaa waliliita Shahidi.

Alilitoa mapajani akampa. Msumari akalipokea kwa mikono miwili, akaingia, mlango ukafungwa taratibu.

"Wakiliona hilo," Mama Duka alisema, "watapiga magoti."

Wakangoja. Mara msuluhishi akatoka kushoto akaingia kulia. Mara akatoka kulia akamwita Msumari peke yake, wakaingia chumba cha tatu, kidogo, mwisho wa korido. Wawakilishi wengine walibaki wakinywa chai. Mama Dobi aliona mgongo wa mumewe ukipotea mlangoni, na alivyokuwa amelitia shuka kwapani, akatulia. Shuka lilikuwa naye.

Alipotoka huko, Msumari alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo mkewe hakulijua. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyepigwa picha.

"Tumeelewana," akasema.

Mama Duka akapiga kigelegele korido nzima ikaitika, mpaka mlinzi akachungulia kutoka ngazini. Watu wakashikana mikono. Meneja wa kiwanda alitoka akawapa mkono hata wale wa benchini, akaukubali na mkono wa Mama Duka aliye pekupeku.

"Na shuka?" Mama Dobi akauliza wakiwa wanashuka ngazi.

"Limebaki."

"Limebaki wapi?"

"Chumbani. Ndiyo sheria yao ya usuluhishi. Kinachosemwa mle kinabaki mle, na kinacholetwa mle kinabaki mle. Tumesaini."

"Baba watoto, lile shuka ni la mama yangu."

"Nitakununulia lingine," akasema, na akaharakisha ngazi kuwafikia wenzake.

*

Jioni ile watu walikusanyika kwenye uwanja wa mbele ya duka. Msumari alisimama juu ya kreti la soda akawasomea walivyokubaliana. Kiwanda kitajenga bomba la maji safi kwenye geti lake, mtaa uchote bure. Kiwanda kitaboresha mitambo yake ya maji machafu hatua kwa hatua kadiri hali itakavyoruhusu. Mtaa utaondoa kesi. Na pande zote mbili hazitatoa kauli yoyote ya kuharibu jina la upande mwingine.

"Hebu rudia hapo pa kauli," mzee mmoja akasema kutoka nyuma.

"Yaani tusikisemeseme kiwanda."

"Maji yakishuka mekundu nisiseme ni mekundu?"

"Sema kwako nyumbani. Usiwaambie watu wa nje, wala waandishi, wala wateja. Mmoja akisema, bomba linafungwa la wote."

"Na sisi tukiwa na jina, nani ataliharibu?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Na hiyo kadiri hali itakavyoruhusu," mzee akaendelea, "hali ya nani?"

Msumari akafuta jasho. "Mzee wangu, mimi nimekaa na wale watu tangu asubuhi. Mimi mnanijua. Ningeona pana ujanja, ningetoka?"

Hilo ndilo lililowamaliza. Walimjua. Huyu ndiye aliyekataa kukitengenezea kiwanda hata meza moja wakati hana kazi nyingine. Wakapiga makofi. Mama Dobi naye alipiga, kwa sababu mke hakai mikono mitupu mumewe akishangiliwa, lakini viganja vyake havikukutana vizuri.

*

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Wiki kwa wiki mashuka yalimjia kwenye viroba na yakarudi yamepigwa pasi, yamekunjwa kona kwa kona, na uvuguvugu bado uko ndani. Zamani, maji yakichafuka, Mama Dobi alimwambia wazi, "Dada, kisima wiki hii hakifai, ngoja nikayatafute maji mbali," na dada yule akaelewa.

Sasa bomba la getini lilikuwa limeanza kutoa maji. Yalikuwa safi kweli, hakuna wa kubisha. Ila yalitoka kwa saa za kiwanda, foleni ilikuwa ndefu, na kila nyumba iliruhusiwa ndoo za kunywa na kupikia tu. Kufua mashuka ya nyumba ya wageni kwa ndoo zile ni sawa na kumwogesha ng'ombe kwa kikombe. Aliyachota ya bomba kwa kusuuzia, akaloweka kwa ya kisima, akajaribu kuongeza bluu ya kung'arishia, akajaribu ndimu, akajaribu jua. Kiwanda wiki ile kilikuwa kwenye kijani.

Mwenye nyumba ya wageni alilitandaza shuka lake moja juu ya meza ya mapokezi, mbele ya wageni wawili waliokuwa wanangoja funguo.

"Hiki nini?"

Mama Dobi akaangalia. Alikuwa ameuona ukijani huo nyumbani, akatumaini taa za ndani zitamsitiri.

"Nakuuliza wewe. Mgeni wangu ameniuliza kama kuna mtu amefia humo."

Maneno yalikuja mpaka mdomoni. Kisima. Kiwanda. Rangi. Akayaona yakitoka, yakipanda gari, yakifika kwa meneja, na bomba likifungwa mbele ya mjukuu wa Mama Duka ambaye upele wake ulikuwa umeanza kukauka tangu aogeshwe kwa maji safi.

"Ni uzembe wangu, dada," akasema. "Nilichanganya na nguo ya rangi."

"Wewe? Miaka yote hiyo, leo ndiyo unachanganya nguo?"

"Ni uzembe wangu."

Mgeni mmoja akageuza uso kama mtu anayemsitiri mwenzake. Mwenye nyumba akalikunja shuka vibaya, bila kulinganisha kona. "Haya. Umri nao unakwenda, mama yangu. Sikulaumu. Viroba nitampa kijana mwenye mashine huku juu."

Hiyo "mama yangu" ndiyo iliyomchoma. Siku zote alimwita dada.

*

Aliamua angalau aombe ruhusa ya kuchota zaidi. Akaenda getini asubuhi, ndoo kichwani na nyingine mkononi, akasimama kwenye foleni. Mbele kulikuwa na mtu wa sare ya kijani, kofia yenye lile jani, fimbo mkononi, akizuia wanaojaribu kupita na ndoo ya ziada.

"Mama wewe, hiyo ya pili rudisha!" mtu wa sare akamfokea mwanamke mmoja. "Kila siku tunaambizana!"

Mama Dobi aliijua sauti kabla hajauona uso. Alikuwa mwanawe wa mwisho, Mrefu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akitoka nyumbani alfajiri akisema amepata kibarua cha kubeba saruji.

Mama Duka, nyuma yake, akamgusa bega. "Shoga, mimi nimemwona tangu juzi, walipomweka hapa getini. Nikasema nikikwambia utadhani nakusema vibaya."

Foleni ikasogea mpaka wakawa uso kwa uso. Mrefu akaangalia ndoo, akaangalia nyingine, akaangalia chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saruji imekuwa ya kijani siku hizi?"

"Baba alisema nisikwambie mpaka mambo yapoe."

"Mambo gani?"

Mrefu akashusha sauti. "Mama, watu wanaangalia. Teka zote mbili, upite."

Watu walikuwa wanaangalia kweli. Yule mwanamke aliyerudishwa ndoo alikuwa anaangalia kuliko wote. Mama Dobi akaitua ndoo ya pili, akaipindua chini mbele ya mwanawe ili kila mtu aione ni tupu, akateka moja. Akaondoka.

*

Msumari alikuwa uani anapiga randa ubao. Mkewe alisimama mpaka randa ikanyamaza.

"Ulikubaliana nini mle ndani?"

"Si niliwasomea?"

"Uliwasomea ya chumba kikubwa. Nakuuliza ya chumba kidogo."

Msumari akapuliza juu ya ubao takataka ambazo zilikuwa zimeshaanguka chini. "Umemwona mtoto."

"Nimemwona akimfokea mke wa watu kwa ndoo ya maji."

"Mama watoto, kaa."

"Nimekaa sana kwenye benchi lao. Sema nimesimama."

Akasema. Alianza kwa kuzunguka, kisha akachoka kuzunguka. Yule msuluhishi alimwita pembeni, akamwekea kiti, akamwambia mle ndani yeye si msemaji wa mtu, ni baba tu. Akamuuliza: wewe mwenyewe, nyumbani kwako, unahitaji nini ulale usingizi?

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo," Msumari akasema. "Katika maisha yangu. Hata wewe."

"Ukamjibu."

"Nikamjibu. Nikamwambia nina kijana mzima anakaa ukutani mwa duka mpaka ukuta umechukua umbo la mgongo wake. Nikamwambia na mtaa umechoka, wakili hatuna tena, wengine wanataka kuacha. Akanisikiliza vizuri sana. Akauliza, naweza kuwafikishia wenzetu wa upande wa pili? Nikasema sawa."

Mama Dobi akamkazia macho. "Ukasema sawa. Mwambie adui njaa yako ilipo, sawa."

"Si adui, wanasema ni upande wa pili..."

"Na shuka?"

"Walilitaka wao. Meneja alisema hilo likibaki nje, makubaliano hayana maana. Sikuona... lilikuwa shuka tu. Limeshaharibika. Hulilalii."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa takataka za randa, akaona hazina kitu, akaenda zake.

"Unajua nilichomwambia mwenye nyumba ya wageni?" Mama Dobi akasema. "Nilimwambia ni uzembe wangu. Mara mbili. Mbele ya wageni wake. Nilidhani naubebea mtaa mzima. Kumbe nambebea mwanangu kofia."

"Ulitaka azeekee ukutani?"

"Nilitaka uniambie. Ungekuja ngazini ukaniambia, mke wangu, wamenipa mtoto kazi, nimelitoa shuka la mama yako. Ningelia, ningekutukana, ningekupikia. Lakini ulisimama juu ya kreti ukawaambia watu, mimi mnanijua."

 Msumari alishika randa, akaiweka. Wala hakuomba radhi, na hilo mkewe aliliona.

*

Ikaja siku ya sherehe. Kiwanda kilikuwa kinapewa tuzo ya kutunza mazingira, na bomba lingezinduliwa rasmi ingawa lilikuwa likitoa maji kwa muda. Kutakuwa na jukwaa, kipaza sauti, wapiga picha. Msumari alialikwa kukaa mbele na kusema machache kwa niaba ya mtaa. Wote wa jukwaani wavae shati jeupe, ndivyo taarifa ilivyosema.

Alikuwa na shati jeupe moja. Alilitoa juzi yake, akaliweka juu ya karai bila neno, maana siku hizo walizungumza kwa kuwekeana vitu.

Mama Dobi alilifua kwa ufundi wake wote. Aliloweka, akasugua kola kwa brashi ndogo, akasugua vikwapa, akapitisha bluu kidogo, akatia wanga, akakamua bila kulinyonga, akalianika kwa vibanio mabegani lisipate alama. Akapiga pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Maji alichota kisimani, kama alivyokuwa akichota kwa ajili ya kila mtu.

Asubuhi ya sherehe Msumari akalichukua dirishani. Lilikuwa limenyooka kama karatasi. Lilikuwa pia na ukijani mwepesi uliotanda kifuani kama ukungu, na kwenye kola, ulipokolea zaidi, rangi ya ukuta wenye unyevu.

"Hili umelifulia maji gani?"

Mama Dobi alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. "Siruhusiwi kusema."

"Mke wangu."

"Si mlisaini? Mmoja akisema, bomba linafungwa la wote."

Nje gari la kiwanda likapiga honi. Msumari akalitazama shati, akamtazama mkewe, akafungua sanduku, akatoa koti lake zito la harusi na mazishi. Akavaa shati, akavaa koti juu yake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Jua la saa sita liliwakuta watu uwanjani. Mama Dobi alisimama kwenye foleni karibu na bomba na ndoo yake, Mama Duka ubavuni na mjukuu mgongoni. Jukwaani walikaa watu weupe pe kwa mashati, na katikati yao koti moja jeusi. Mrefu alisimama kando ya bomba na fimbo yake, akingoja ishara. Msuluhishi naye alikuwepo, akitabasamu vilevile. Meneja alisema kwamba mahakama hujenga uadui, mazungumzo hujenga ujirani, kisha akamwita mzee wa mtaa aje mbele.

Msumari akaja. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni.

"Mzee wetu, vua koti bwana, jua hili!" meneja akasema kwenye kipaza sauti, watu wakacheka. "Tupige picha nzuri, tuko sare."

"Niko sawa."

"Utaanguka hapa, mzee!" Meneja akapeleka mkono kirafiki kwenye kifungo cha juu. Msumari akarudi nyuma hatua moja, akaishika kola kwa mkono wake mkubwa wa useremala, akaibana kama mtu anayezuia damu.

"Nina homa," akasema.

"Homa! Pole sana. Homa ya nini tena siku ya furaha?"

Macho yake yakatembea juu ya vichwa, yakatafuta, yakamkuta mkewe alipo. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake kiasi kwamba pumzi yake ilisikika uwanja mzima.

"Ni uzembe wangu," akasema.

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mzaha. Meneja akatoa ishara, Mrefu akafungua bomba, maji meupe yakaruka kwenye ndoo ya maonyesho, makofi yakalia. Mama Duka akamgeukia jirani yake.

"Shoga, yule mbona anabana shingo hivyo? Pana nini humo ndani?"

Mama Dobi akaitoa ndoo yake kwenye foleni.

"Nina nguo nimeloweka," akasema, akashika njia ya kisimani.